Sanduku la Mvule na Kelele za Saa Saba

Mwaka 2000, katika mtaa wa Buyenzi, redio ikifa ilikuwa ama uitupe ama umpelekee Odette Nabintu. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutosha barabara nzima, aliyevuka mpaka kutoka Bukavu na watoto watatu, pamoja na chuma cha kulehemu alichokuwa amekifunga ndani ya kitenge. Mumewe alimwacha baadaye. Odette alipenda kusema kwamba chuma hakijamwacha mpaka leo.

Umeme ulikuwa haukai, maana vita vilikuwa vimeangusha nguzo milimani. Odette hakukaa kulia. Alikusanya transfoma na transista kubwa za mashine mbovu, akaunda onduleri: inachukua umeme wa betri ya gari, kisakiti kidogo ndani kinautikisa mara hamsini kwa sekunde, unatoka ukifanana na ule wa ukutani. Kila onduleri aliiweka ndani ya sanduku la mvule lililopigwa vanishi. Buyenzi mashine ya heshima huvaa mbao, alisema. Bati ni la kuku. Akauza nane, na ya nane ilinunuliwa na Seifu, kinyozi wa jirani, aliyeiwasha kila mchana umeme wa mtaa ulipokatika.

Mlango wa tatu aliishi Dévote, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Alipotezana na mwanawe Maxime siku walipokimbia Kamenge, mtoto akiwa na miaka tisa. Sasa ilikuwa imepita miaka mitano. Kila siku, saa saba mchana, redio ilisoma majina ya watu waliotenganishwa na vita, na kila siku Dévote aliacha ndagala zake akasikilize. Lakini kwa majuma mawili redio yake ilikuwa ikifika saa saba inaunguruma kama mafuta ya kukaangia.

Odette aliifungua mara tatu. Mara tatu akaikuta nzima.

"Ni mawasiliano ya jeshi kule mulimani," alisema, bila kuinua macho. "Redio yako haina neno, Mama Maxime."

"Jeshi liko pale tangu zamani," Dévote akajibu. "Hii kelele ilianza siku Seifu alileta ile mashine yako."

"Mashine yangu? Apana. Mashine yangu iko safi."

Nyani haoni kundule. Saa saba ilipofika na kelele kuanza, Odette aliinyakua ile redio, akatoka nayo ikiwa imewashwa, aende kumthibitishia mtaa mzima kuwa hana kosa. Kila hatua kuelekea kwa kinyozi, kelele ilizidi. Seifu alikuwa ameweka chini mashine ya kunyolea, anampangusa mteja shingo, na bado redio ililia. Ililia kuliko kote pale penye nyaya zilizotoka kwenye sanduku la mvule hadi kwenye betri nje.

"Zima, Seifu."

Seifu akazima. Sauti ya mtangazaji ikatoka safi: "...na hayo ndiyo majina ya leo."

Dévote alikuwa amesimama mlangoni. Odette aliona aibu, aibu ya kweli, kwa sababu kazi ilikuwa yake na mbao alizichagua yeye.

Lakini fundi haponi kwa kuona aibu. Alasiri ile ile alilifungua sanduku. Mbao huzuia vumbi na vidole vya watoto. Kelele ya umeme hupita ndani yake kama hakuna ukuta. Tena nyaya za betri zilikuwa na urefu wa mita saba, kila mmoja umelala upande wake, zinarusha ile kelele mtaani kama antena. Akaisogeza betri karibu, akazikata nyaya zibaki urefu wa mkono, akazisokota pamoja kama nywele. Miguuni mwa transista akalehemu kapasita ndogo za kumeza ile mishtuko ya umeme. Kisha akakata makopo ya maziwa ya unga, akayaunga yakawa sanduku la bati lililofunika kila kitu, na akaliunganisha na nondo aliyoichimbia kwenye udongo wenye maji, kelele izame ardhini.

"Wateja wataona mi nanyolea na kopo la maziwa," Seifu akalalamika.

"We nyoa. Mutu anakuja kuangalia kichwa chake, haangalie kopo."

Kesho yake, saa saba, Seifu alikuwa akinyoa na umeme wa mtaa ulikuwa umekatika. Odette alikaa na Dévote mbele ya redio. Haikuunguruma hata kidogo. Majina yakapita, ya Ruyigi, ya Bubanza, ya kambi za Tanzania. Ndipo mtangazaji akasoma:

"Dévote Ntakirutimana, aliyekuwa Kamenge, anatafutwa na mwanawe Maxime, aliye kambini mkoa wa Kigoma. Tangazo hili tumelisoma kwa mara ya tatu na ya mwisho."

Dévote alijifunika uso kwa kitenge, akalia kwa furaha. Odette hakuweza kufurahi naye sawasawa. Mara mbili jina lile lilikuwa limesomwa, na mara mbili mashine yake ililizima.

"Mama Maxime, ni mi nilikufungia masikio," alisema. "Unisamehe."

"Nisaidie kwanza kutafuta viatu, nimfuate mtoto," Dévote akamjibu, tayari amesimama.

Odette alivitafuta, akamvalisha. Kisha akachukua mkasi wa bati na makopo yote yaliyobaki, akaenda kwa wale saba wengine walionunua onduleri.