Mlango Uliolipiwa

Mama mkwe wake alipofariki, Kamembe nzima ilimsifu Nasiba. Kwa miaka alimgeuza kitandani, akamwosha, akamlisha uji kwa kijiko, na bado cherehani yake pale barazani haikunyamaza. Wanawake wa mtaani waliwaambia binti zao wamwige. Naye kila aliposifiwa aliinuka akatafuta kazi ya kushika. Baadaye kikambana kifua, kisha usingizi ukamkimbia, mwishowe akawa anakaa mbele ya cherehani asubuhi nzima bila kukanyaga pedali, huku wateja wakiulizia nguo zao za Idi.

Bima alikuwa nayo, ile mituweli ambayo karibu kila nyumba inayo, na hospitali ya serikali ilikuwa na chumba cha wagonjwa wa namna yake, wanaosumbuliwa na mawazo. Lakini benchi la chumba kile lilikuwa njiani kabisa. Kila aliyepita kwenda kupima malaria alikuona umekaa. Mumewe Karim, muuza vipuri vya pikipiki na mtu wa kuhesabika msikitini, hakutaka kusikia habari ya benchi. Akasema atampeleka kwa mshauri wa binafsi, kwenye nyumba yenye geti, na kwa kuwa mituweli haifiki huko, atalipa yeye mfukoni. Mgonjwa haulizwi uji. Nasiba hakuulizwa, ila alishukuru hadi akalia, maana Karim hakuwa mtu wa kutoa pesa yake kwa kitu kisichoshikika mkononi.

Mshauri aliitwa Ingabire, mwanamke aliyekulia Bukavu, upande wa Kongo, akarudi nyumbani mtu mzima. Alifunga mlango, akasema linalosemwa humu linabaki humu, na Nasiba akamwamini. Mwanzoni alizungukazunguka tu. Alisema bei za vitambaa, akamsema wifi yake Mutoni aliyeolewa Bukavu, aliyevuka mpaka sikukuu kwa sikukuu, akalia kidogo kitandani kwa mama yake na kurudi kwake kabla chungu hakijaoshwa. Ingabire alisikiliza. Usingizi ukaanza kurudi, na cherehani ikaanza tena kusikika mtaani. Ndipo siku moja, bila kupanga, likamtoka.

Asubuhi ile ya mwisho mama mkwe alimwita. Nasiba alimsikia vizuri, mara ya kwanza na ya pili. Alikuwa anaunga mkono wa gauni la bibi harusi, naye amechoka, amechoka kweli, akajiambia, nimalize mkono huu kwanza. Alipoingia na beseni la maji, mama mkwe alikuwa amekwisha kata roho.

Ingabire hakumhukumu. Alimwambia mtu anaweza kuuguza miaka mingi kwa moyo safi na bado akachoka siku moja. Nasiba alitoka getini mwepesi, akapitia sokoni kununua sambaza, dagaa wa ziwani, akazikaanga vile Karim alivyozipenda. Siku chache baadaye Karim akaanza kuisukuma sahani kabla haijaisha. Nasiba alidhani biashara imelala.

Hitima ya mwaka ikafika. Kwa desturi ya ukoo ule, siku hiyo sanduku la nguo za marehemu hufunguliwa mbele ya watu, na kitenge kilicho juu kabisa hupewa aliyemuuguza. Thamani yake si kitu. Ni ushahidi kwamba ukoo umeridhika naye na marehemu hamdai. Nasiba alikitaka kitenge kile kuliko nguo yoyote aliyowahi kuitamani. Alikaa karibu na sanduku, mikono tayari kupokea, Karim alipokiinua, akakipitisha juu ya kichwa cha Nasiba na kumpa Mutoni.

Mutoni mwenyewe alishangaa. "Kaka, si Nasiba njo alikuwa anaangaliaga Mama?"

"Napatia muntu mwenye angeitika," Karim akasema. "Mama akimuita, hangesema nimalize kwanza mukono ya robe."

Wengi hawakuelewa, wakadhani ni uchungu wa yatima, wakarudia sahani zao za pilau. Nasiba alielewa neno kwa neno, hadi ule mkono wa gauni. Alikuwa ameyasema mahali pamoja tu chini ya mbingu.

Kesho yake alikwenda kwa Ingabire bila miadi. Mshauri hakukana, na hilo liliuma zaidi. Alisema Karim alikuwa akipiga simu kila alipotuma malipo, kwa upole, kuuliza kama mke anaendelea vizuri na pesa inafanya kazi gani. Yeye akaona huyu ni mume mwema. Akamdokezea ili amhurumie mkewe.

"Yeye njo alikuwa analipa, Maman," akasema, macho yako mezani.

Jioni Nasiba alimuuliza mumewe kwa nini. Karim alikuwa anavua viatu, wala hakuinua kichwa. Alisema hakuiba kitu cha mtu, alilipa. Mwanaume mzima, akayasema hayo kama anayeeleza alivyopata betri ya pikipiki! Nasiba alimchukia usiku ule, akajichukia na yeye kwa yale machozi ya shukrani.

Kifua kikarudi, kikali kuliko mwanzo. Alichukua kadi yake ya mituweli, akapanga foleni hospitali ya serikali, akaelekezwa kwenye lile benchi la njiani. Wateja wake wawili walipita, naye akawasalimia yeye wa kwanza. Aibu ya kuonwa, aliyokuwa akiogopeshwa nayo, hakuiona popote. Alichokuwa akikiomba ni kusema tena, hata mara moja, kama siku ile, atoke akiwa mwepesi.

Muuguzi aliyemwita alikuwa kijana mpole, jina lake Tuyishime. Alimvutia kiti, akamuuliza taratibu ni nini kinamsumbua, na hakumharakisha. Nasiba alifungua kinywa. Alitaka kusema, Mungu shahidi wake, alitaka.

"Ni mugongo," akasema. "Nashonaga sana."