Kaka Nassibu na Mstari Uliokataa Rangi

Sesilia aliingia uani kwangu, Mtoni, Jumanne saa nne asubuhi, viatu mkononi. Nilikuwa napepeta mchele. Alikuwa akifanya kazi ofisi moja na kaka yangu Nassibu kule Keko, na saa kama ile hakuwahi kuonekana kwetu. Nikamkaribisha, akabaki amesimama.

"Dada Mwanaasha," akasema, "kaka katutoka. Moyo. Tulimfikisha hospitali, wifi yako Najma yuko naye."

Niliuweka ungo chini, nikasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, kisha nikamuuliza Sesilia kama ameshakunywa chai. Sijui kwa nini niliuliza hivyo.

Ilikuwa Agosti 1999. Kaka alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Kazi yake ilikuwa kuandika mabango. Alianza wakati mji hauna cha kutangaza: mlango wa duka la ushirika, ubao wa zahanati, "Usikojoe Hapa" ukutani. Halafu biashara zikafunguliwa, na kila mwenye chumba cha mbele akataka bango. Saluni, bucha, nguo za mitumba. Kaka alirudi jioni vidole vina rangi tatu, ananukia tapentaini, na marehemu mama anamkataza kugusa sufuria. Hakupima herufi kwa rula. Alisimama mbele ya bati, akasema bismillahi, brashi ikatembea. Mpaka leo nikipita Barabara ya Kilwa nazitambua S zake, tumbo la chini nene kidogo kuliko la juu.

Mwishoni mwa 1997 Gaspar, mwenye karakana ya mabango alikofanya kazi kaka, alinunua kompyuta na mashine ya kukata herufi kwenye plastiki ya kubandika. Akamwajiri Sesilia, binti wa Tabora aliyesomea kompyuta. Kisha akamwita kaka.

"Nassibu, wateja hawataki tena kusubiri rangi ikauke. Nakupa mpaka Idi. Ukishindwa kuchora humu, utakuwa mtu wa ngazi, unapandisha mabango ya wenzio."

Jioni ile kaka aliniambia, "Mwana, miaka ishirini nachora. Mie nikashike ngazi?" Hakula.

Ramadhani ikaingia, ile ya mvua za El Nino. Nilikuwa nampelekea futari ofisini, kwa hiyo mengi niliyaona mwenyewe. Sesilia alimwonyesha mshale wa kuchagulia na kalamu ya kuchorea. Hapo mstari hauburuzwi kwa mkono. Unaweka nukta, unaweka nyingine, na kompyuta inaziunganisha. Nukta ya kwenye mpindo ina vishikio viwili, kama masharubu. Ukivivuta, mstari unakunjika. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba herufi ndogo kama ukucha akiikuza ikawa kubwa kama mlango, kingo zake zinabaki laini. Sesilia akamweleza kwamba kompyuta haikariri kila doa la rangi, inakariri njia ya mstari.

"Subhanallah," akasema kaka. Halafu akamgeukia. "Nyie Wanyamwezi mlikuja pwani na mizigo kichwani, leo mnatufundisha sie kompyuta!"

"Na nyie Wazaramo mlikaa barazani mnatutazama tunavyopita. Ndiyo maana mmechelewa. Shika mausi, mzee."

Kaka akacheka. Tangu siku hiyo alimwita mwalimu, ingawa binti alilingana na mwanawe wa kwanza.

Gaspar alimpa jaribio la kuchora birika la bango la hoteli ya Bi Mwamvita, jirani yetu. Siku tatu kabla ya Idi nikamkuta amelimaliza, mstari safi. Akachagua rangi nyekundu, akabonyeza. Birika likabaki tupu.

"Mashine yako imegoma, mwalimu."

"Haijagoma. Umbo lako halijafungwa. Rangi haiingii kwenye umbo lililo wazi."

"Nimefunga! Macho huna?"

Akafuta, akachora upya. Ikawa vilevile. Mara ya nne umeme ukakatika, na kazi yote ikapotea kwa sababu hakuwa ameihifadhi. Kaka alikaa akitazama kioo cheusi. "Basi, Mwana," akaniambia. "Ngazi inanisubiri."

Umeme uliporudi, Sesilia alimwomba achore mara moja tu. Alipomaliza, binti akakuza pale mstari ulipoanzia, akakuza tena, na mwanya ukaonekana. Nukta ya mwisho ilikuwa imeishia kando ya ile ya kwanza.

Kaka alitazama, akaanza kucheka mpaka akakohoa, koo limemkauka kwa saumu. "Huu ni mkono wangu," akasema. Mwandika mabango harudishi brashi pale alipoanzia. Rangi mbichi juu ya rangi mbichi hulimbikana, ikachuruzika. Husimama unywele mmoja kabla, kisha brashi pana ya kujazia huuziba mwanya. Kaka alikuwa akifanya hivyo kwenye kompyuta bila kujijua.

"Humu hakichuruziki kitu," akasema. Akaiburuta nukta ya mwisho juu ya ya kwanza, akabonyeza, birika likawa jekundu. Adhana ya Magharibi ikamkuta bado ameshika mausi. Nilimtia tende mdomoni kama mtoto.

Gaspar alipokuja, Sesilia naye alikuwa amechora birika lake. Yeye alitumia nukta thelathini na moja, kaka tisa, kwa sababu aliujua mpindo unapogeukia. Mashine ikakata yote mawili. La Sesilia lilikuwa na vijipembe pembeni; la kaka lilikuwa laini kama yai.

"Haya," Gaspar akasema, "ngazi atashika mwingine."

Mwaka uliofuata waandika mabango wa Keko na Mtoni walianza kumjia ofisini Jumamosi baada ya Alasiri awafundishe kompyuta, mmoja hata kutoka Pugu. Wengi walikuwa wameshaambiwa na mabosi wao kama alivyoambiwa yeye. Mmoja wao, Mashaka, alikuwa mbishi kuliko wote. "Funga, braza," kaka alimwambia kila wiki, "funga, usiogope." Yeye mwenyewe asipojua jambo, alimwita mwalimu wake Sesilia mbele yao bila aibu.

Tulimzika Jumatano. Alioshwa nyumbani, akakafiniwa, akaswaliwa baada ya Adhuhuri. Sisi wanawake tulibaki ndani na wifi Najma, tukisoma Yasin. Dirishani niliona jeneza likitoka. Mabega ya mbele yalikuwa ya Mashaka na wale wa Jumamosi, rangi ingali kwenye kucha zao. Gaspar alifuata nyuma, kofia mkononi. Wanaume walirudi kabla ya Alasiri, wakatuambia amelazwa kwa ubavu wa kulia, uso kibla, pembeni ya baba, na dua imesomwa.