Mikia ya Nguruwe wa Mtunda

Siku niliyofuta jina la Mzee Mbonde naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu siku hiyo nilijiona nimefanya kazi.

Nasikia ofisi yenu imekutuma vijijini kuandikisha wawindaji, na wale walioandikishwa mwaka jana wengi hawakurudi kazini. Jana ulisema watu wa huku ni wavivu. Sikukujibu, maana neno hilohilo nililisema mimi nikiwa na umri kama wako. Kaa nikueleze.

Nilikuja huku kutoka Mbinga, msichana niliyemaliza chuo juzijuzi, nikapewa kazi ya wanyamapori. Watu walizoea ofisa mwanamume, bwana nyama. Mimi wakaniita bibi nyama. Wakati huo nguruwe mwitu walikuwa wanamaliza mihogo ya kijiji cha Mtunda, na askari wetu wenye bunduki walikuwa wawili tu kwa eneo lote. Ikaamuliwa tuandikishe wawindaji wa kijijini. Waue nguruwe, walete mikia ofisini iwe ushahidi, nasi tuwape kibali cha kuwinda paa wa kitoweo. Asiyeleta mkia kwa miezi mitatu, jina lake linafutwa. Sharti la mikia nililitunga mimi, na nililiona jepesi.

Walijiandikisha watu kumi na tisa. Kiongozi wao alikuwa Mzee Mbonde, mtu mrefu, asiye na maneno mengi, aliyerithi nyavu za baba yake. Siku ya kwanza nilifuatana nao. Walitandaza nyavu ukingoni mwa kichaka, wengine wakapiga madebe kuwaswaga nguruwe, na kabla ya adhuhuri wanne walikuwa chini. Mikia nilikata mwenyewe. Sikujiuliza kwa nini hakuna aliyenisaidia.

Baada ya hapo sikuona mkia tena. Miezi mitatu ilipotimia, Mzee Mbonde alikuja ofisini mikono mitupu. Nikamwamkia, kisha nikamuuliza mikia iko wapi.

"Nguruwe tumeua, bibi nyama," alisema. "Mwezi huu sita. Mikia hatukuchukua."

"Kwa nini?"

Akatazama chini. "Tumeshindwa tu."

"Basi hamkuua," nikasema. Kulikuwa na watu wamekaa kwenye benchi wanasubiri, wote wakasikia. Nikachukua kalamu nyekundu, nikapiga mstari juu ya jina lake, kisha juu ya majina ya wenzake wote. Yeye akasema, "Haya, bibi, ubaki salama," akatoka.

Nyavu zikakaa majumbani, nguruwe wakarudi. Haukupita muda nikaitwa kuangalia shamba la Bi Hadija, mjane aliyeitegemea mihogo ile kumfikisha mpaka mavuno ya mpunga. Nilimkuta ameinama anaokota vipande vilivyotafunwa. Shamba zima lilikuwa limefukuliwa. Nami, badala ya kumpa pole kwanza, nikamwambia kosa ni la wawindaji wao, watu wavivu.

Akainuka, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Binti yangu, wewe nguruwe unakula?"

"Nakula, mama."

"Ndiyo maana Mbonde hakukwambia. Kwake yeye Mwislamu nguruwe ni najisi. Akigusa damu yake aoshe mara saba, mojawapo kwa udongo. Sasa hiyo mikia aibebe kwenye nini, mkoba anaotilia unga? Na angekwambiaje wewe, mgeni wetu, kwamba chakula chako kwake ni uchafu? Alikuonea haya. Nawe ukamwita mwongo mbele za watu."

Nilikuwa nimeishi na watu wale karibu mwaka mzima, nimekula futari kwao, na jambo hilo halikunipitia kichwani nilipokuwa naandika masharti.

Alasiri hiyo nilikwenda kwa Mzee Mbonde. Akanitandikia mkeka, nikaomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nimekusamehe," alisema. "Nguruwe nitaua, Hadija ni jirani yangu, uniandike usiniandike. Lakini wenzangu siwezi kuwasemea. Nenda kwa kila mmoja mwenyewe."

Nilikwenda, nyumba kwa nyumba. Sharti la mikia nikaliondoa. Mwenye shamba ndiye akawa shahidi, nami nakwenda kuona kwa macho yangu. Nyama walikuja kuichukua walimu na wauguzi wa bara wanaokula nguruwe, na hakuna Mwislamu aliyelazimika kugusa kitu.

Kati ya wale kumi na tisa walirudi kumi na mmoja. Mmoja ambaye hakurudi ni Athumani, aliyekuwa hodari wa mkuki kuliko wote. Mimi nilipofuta majina, kibali chake kilikufa, naye hakuacha kuwinda paa. Askari wetu wakamkamata, akafungwa. Nilikwenda kumsemea nikaambiwa nimechelewa. Alipotoka hakushika mkuki tena, na tukikutana sokoni alinisalimia kama mtu anayemsalimia mpita njia. Hilo, mwanangu, sikuweza kulirekebisha.

Basi nisikilize. Kuandika majina ni kazi ya asubuhi moja. Kuwabakiza watu ndiyo kazi yako. Mtu akiacha, usimpe jina la uvivu kabla hujafika kwake, ukakaa, ukauliza. Akikataa kusema, huenda anakusitiri wewe, kwa hiyo muulize jirani yake kwa adabu. Sharti lolote, kabla hujalipiga muhuri, wasomee wale watakaolibeba, na uwape nafasi ya kulikataa bila kuogopa. Ukikosea, rudi mapema, na uombe radhi palepale ulipomvunjia mtu heshima, mbele ya watu walewale. Mimi niliomba radhi mkekani kwake, na watu wa kwenye benchi hawakusikia.

Kesho unakwenda Mahege. Mungu akutangulie, akulinde na meno ya porini, na awape watu wa huko moyo wa kukwambia ukweli.