Sifuri Tatu za Ilembo

Mwaka wa kipindupindu nilikuwa nimemaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kwenda sekondari, lakini moyoni nilishakuwa nesi. Viatu vyeupe nilikuwa nimevivaa mara nyingi sana, kwenye mawazo. Kwa hiyo bwana afya alipotafuta mtu wa kumsaidia kambini Ilembo, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema.

Kambi yenyewe ilikuwa mahema mawili. Nje palikuwa na ubao, na kila asubuhi bwana afya aliandika kwa chaki idadi ya waliokufa, kisha akaipeleka wilayani. Waliofia kambini tuliwaona wenyewe. Waliofia majumbani, taarifa zao zililetwa na balozi wa nyumba kumi.

Ikaja siku ubao ukasoma sifuri. Kesho yake sifuri. Keshokutwa sifuri.

"Tumeshinda!" bwana afya akasema. "Ijumaa mahema yanahamishwa."

Nikarukaruka kwa furaha. Lakini nikirudi nyumbani nikamwona jirani yetu, mama wa Kisukuma aliyehamia huku na mumewe na ng'ombe zao, amenyoa kichwa. Uwanjani hapakuwa na mtu hata mmoja. Nikamfuata balozi.

"Yule mama kafiwa?"

"Na mtoto. Juzi."

"Mbona hukumpeleka kwenye hesabu?"

"Binti, msiba mimi naujua nikienda kukaa matanga. Matanga yamekatazwa. Sasa niandike msiba gani, wakati hata ugali wa msibani sijala?"

Wala hakuwa anatania. Mikusanyiko ilikatazwa ili tupone, kumbe ndiyo ilikuwa njia pekee ya habari za vifo kutufikia. Watu walikuwa wanazika kimyakimya.

Bwana afya aliponisikia, tabasamu likamfutika. "Niletee majina. Bila majina, keshokutwa mahema yanaondoka."

Nikaanza na daftari mkononi. "Hodi! Hapa kuna aliyekufa?"

"Hakuna!" mzee mmoja akafoka. "Na wewe ukirudi tena, atakuwepo!"

Nyumba ya pili walifunga mlango kabla sijasalimia. Nikakaa pembeni ya njia nikalia kidogo. Hapo ndipo nikafikiri: hawa watu, tangu wafiwe, nani amewapa pole? Hakuna. Nikalifunga daftari ndani ya kanga, nikaenda kwa yule mama wa Kisukuma.

"Mama, nimekuja kukupa pole. Pole sana."

Akanitazama. Akaingia ndani, akatoka na kigoda. Akanieleza yote: jina la mtoto, alivyoanza kuumwa, alivyoomba uji akashindwa kuunywa. Tukalia wote wawili. Halafu nikasema, "Mama, naomba nimwandike."

"Mwandike, mwanangu. Uandike vizuri."

Kuanzia pale sikubisha hodi tena, niliitwa mimi. "Nyie, yule binti wa pole kapita kwenu? Mbona sisi hajatufikia, sisi siyo wafiwa?" Hata yule mzee mkali alinisimamisha njiani, akanipa jina la mkewe, akaondoka haraka ili nisimwone machozi.

Ijumaa lori lilifika. Bwana afya alisoma daftari langu akiwa amesimama, akakaa, akasoma tena. Kisha akafuta ile sifuri kwa kiganja chake na kuandika upya. Akamwambia dereva, "Rudi na lori tupu. Waambie ubao wetu ulikosea, na walete dawa ya kutibu maji." Mahema yakabaki! Jioni ile kijana mmoja aliletwa kwa baiskeli, akakuta kitanda, na baada ya siku chache aliondoka kwa miguu yake akipiga mluzi.

Mchana wa Ijumaa ile, yule mama wa Kisukuma alikuwa amekuja kuuona ubao. Kusoma alikuwa hajui.

"Wangu yumo?"

"Yumo, mama."

Akaitazama ile namba kwa muda mrefu, kisha akageuka kumwita mumewe aliyekuwa amesimama mbali, fimbo mkononi.

"Baba watoto, sogea uone. Wamemhesabu."