Headway ya Papa Kaumba

Papa Kaumba, kiongozi wa treni yetu, alijua neno moja tu la Kiingereza: headway. Alilipata kwa fundi mgeni aliyekuja kutengeneza injini, na tangu hapo hakutuacha tupumue.

"Haiko kwenda tu, mama," alinifundisha. "Inaomba kizuizi kikuwe mbele yako, na weye unasogea tu, hata kidogo. Njia ikikuwa muzuri, haiko headway."

Basi injini ikaitwa kwenda kuvuta madini, tukaachwa porini ndani ya behewa moja, abiria wote, pamoja na mimi na vikapu vyangu vya samaki wa Bukama. Jumamosi Déborah, binti wa pekee wa Kaumba, angeolewa Kamina, na ni baba anayemkabidhi bibi harusi kwa mumewe. Kaumba akatuamuru tushuke tusukume. Yeye alibaki juu, kwa kuwa kiongozi haachi treni yake. Mungu wangu, nilimchukia kila tulipofika mlimani! Jioni nilimsikia akimpigia mkewe simu: "Mama Déborah, tuko na headway."

Jumamosi mchana tukaona mabati ya Kamina. Kabla ya mabati kulikuwa na taa nyekundu.

"Musimame!" Kaumba akapiga kelele. "Sinyali imefungwa."

"Papa, imefungwa juu ya nani?" nikamuuliza. "Treni iko wapi?"

"Sinyali njo sinyali. Ikikuwa nyekundu, hatupite."

Akapiga simu kituoni. Hakuna aliyeshika. Mkuu wa kituo alikuwa ameshakaa kanisani, tena kwa mwaliko wa Kaumba mwenyewe. Kaumba akampigia mkewe, naye akampelekea mkuu huyo ombi, akarudi kwenye simu na jibu: chef anasema leo iko congé, siku ya kupumzika, ataifungua Lundi, yaani Jumatatu.

Nilitamani kumvuta Kaumba kwa masikio. Lakini Déborah alikuja mwenyewe, kafuata reli na shela lake, bwana harusi na kwaya nyuma.

"Papa, shuka basi. Batu banatungoya kanisani."

"Chef de train hashukake, mwanangu."

Masufuria ya harusi yakaletwa relini. Mkuu wa kituo akaja na kiti chake, akacheza chini ya taa yake nyekundu bila aibu yoyote. Kaumba alicheza peke yake ndani ya behewa, mkono nje ya dirisha, ameushika wa Déborah. Nilicheka, kisha nikalia. Bwana harusi alisimama pembeni akingoja, na baba hakuuachia mkono huo.