Niliilalia Barua ya Mwenzangu

Kosa ni langu. Nalisema hapa mwanzoni ili msije mkanihurumia bure mkifika katikati. Sikushawishiwa na mtu, sikulewa, sikupagawa. Nilifanya kwa akili zangu timamu, na mkono ulioficha ile barua ni huu huu unaoandika.

Mimi ni mtoto wa reli. Nimezaliwa Makongeni, katika chumba kimoja tulimolala watu tisa, na mpaka natimiza miaka kumi na tisa sikuwahi kulala peke yangu kitandani. Miguu ya wadogo zangu ilikuwa usoni pangu siku zote, nami kila asubuhi nalalamika. Laiti ningejua!

Kisha baba akahamishwa. Reli ikimwambia mtu ahame, anahama. Wote wakapanda treni kwenda Jinja, sufuria zimefungwa ndani ya mablanketi, nami nikabaki kwa sababu nilikuwa nimepata kazi ya kushona vifungo katika kiwanda cha mashati. Baba akasema msichana hawezi kupanga chumba peke yake Nairobi hii, watu watasema. Akanipeleka hosteli ya wanawake, akanikabidhi kwa matroni kama mtu anavyokabidhi mzigo stesheni, akaondoka bila kugeuka nyuma. Najua kwa nini hakugeuka.

Kitanda changu mwenyewe! Kabati langu mwenyewe! Wasichana wa kiwandani walinionea kijicho. Wangejua! Wiki ya kwanza sikupata usingizi. Nilikikosa hata kikohozi cha baba.

Siku zile za hali ya hatari geti lilifungwa jua halijazama, na likifungwa hutoki. Basi jioni nzima ulikaa na wenzako. Mimi wenzangu walikuwa nani? Katika chumba cha kulia kila meza ilikuwa na watu wa kwao. Wakamba pale, Wajaluo pale, Wataita karibu na dirisha. Nikaenda kukaa meza ya Waluhya, maana ndiko atokako baba. Nikawasalimu kwa lugha ya kwetu.

Meza nzima ikacheka!

"Huyu anasema kama padri mzungu," mmoja akasema, akafuta machozi.

Sisemi walinifukuza. Walinisogezea hata mboga. Lakini kila nikifungua kinywa walinitazama midomo wakingoja kucheka tena. Lugha hiyo naielewa yote, kuisema ndiko kunakonishinda. Sisi watoto wa Makongeni tumekua na Kiswahili, tunagombana nacho, tunaota nacho, na kumbe katika hosteli ile Kiswahili hakikuwa na meza. Nikawa nakula mwishoni kabisa mwa benchi, kimya, nikimaliza haraka nikaoshe sahani. Miezi miwili nilikula hivyo. Jumapili moja nilitembea mpaka stesheni kutazama tu treni ya Uganda ikiondoka, nikarudi kwa miguu. Sikuwa na mtu wa kumpokea wala wa kumsindikiza. Upweke ulinikondesha mpaka matroni akaniuliza kama naumwa, nikasema ni tumbo.

Ndipo Saumu akaletwa chumbani kwangu. Silo jina lake. Alitoka Mombasa, na kazi yake ilikuwa kuosha wodi katika hospitali ya wazazi. Akaweka sanduku lake chini, akatazama kuta, akanitazama mimi.

"Shoga, chumba hiki mbona kimenuna hivi?"

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikalia, na kulia kwenyewe hakukuwa kwa mzaha.

Yeye naye alinicheka Kiswahili changu, lakini kucheka kwake hakukuuma. "Ati 'kuja hapa'! Waniita mimi ama waita mbuzi? Sema 'njoo'. Haya, niite tena." Nikamwita tena. Akaja mbio huku amejitanda leso, tukaanguka kitandani kwa kucheka. Jumapili alinichukua Majengo kwa shangazi yake wa mbali, tukala mahamri kwa mbaazi, nikasukwa nywele, nikaulizwa baba yangu hajambo. Tangu treni ile iondoke hakuna aliyeniuliza baba yangu hajambo!

Saumu alikuwa na jambo moja tu moyoni: kusomea ukunga. Alikwisha omba nafasi katika hospitali moja ya kwao Mombasa. Baba yake alimpa mwaka mmoja. Akipata, asome. Asipopata, arudi aolewe na mtu ambaye wazee walikwisha mchagua. Mwaka wenyewe ulikuwa unamalizika Desemba ile.

Nilimwombea apate. Kwa mdomo nilimwombea. Moyo uliomba kingine.

Hosteli ilikuwa na sanduku moja la posta, na ufunguo wake tuliushika kwa zamu. Jumatatu ya kabla ya Krismasi zamu ilinifikia mimi, niwe nao mpaka mwaka mpya. Nikafungua sanduku. Katika barua zote palikuwa na bahasha moja ndefu ya kahawia, ina muhuri wa hospitali ya Mombasa, jina la Saumu limepigwa taipu.

Mungu wangu!

Krismasi yenyewe ilikuwa Alhamisi. Wasichana walikwisha funga mizigo yao kwenda makwao. Mimi likizo ya siku mbili isingenifikisha Jinja na kunirudisha. Saumu, kwa kuwa si sikukuu yake, alikuwa abaki kazini, nasi tulipanga tukae wawili, tupike vyetu. Nilijua akiisoma barua ile atapanda treni siku hiyo hiyo. Nikakiona chumba cha kulia kitupu, meza zote tupu, na mimi peke yangu na sahani yangu.

Nikaitia ndani ya blauzi. Chumbani nikaipenyeza chini ya godoro langu. Siku nne tu, nikajiambia. Shule gani inaanza kabla ya Januari? Sikuifungua, na kwa kutoifungua nilijiona mwaminifu, jamani! Mwizi aliyejivunia kutotazama alichoiba.

Siku ya Krismasi Saumu alipika pilau kwa stovu ya primasi, kwa heshima ya sikukuu yangu mimi. Harufu ilijaa hosteli nzima. Tukala mezani kwa Wataita, karibu na dirisha, kwa sababu hakuna wa kutuuliza.

Katikati ya chakula akaacha kula. "Mwenzangu, hawajaniandikia. Naona ndiyo basi."

"Wataandika," nikasema.

"Wewe wanipa moyo sana," akasema, akaniongeza pilau.

Nikala! Nitawaambia na lililo baya zaidi. Ile ndiyo iliyokuwa siku yangu ya furaha kuliko zote katika hosteli ile. Mpaka leo jambo hilo linanitia hofu kuliko wizi wenyewe.

Ijumaa ilikuwa siku ya kumpa, nikasema kesho. Jumamosi alikuwa ananisuka, kichwa changu kiko magotini pake. Ningeanzaje? Jumapili tukaenda Majengo. Jumatatu asubuhi, wasichana wengi wamekwisha rudi, nikatoka na ufunguo kama naenda posta, nikarudi na ile bahasha ambayo haikuwa imetoka posta.

"Saumu! Barua yako!"

Aliifungua amesimama, kikombe cha chai bado mkononi. Kwanza akatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka.

"Ni leo," akasema. "Waniita leo, saa nne. Waniulize maswali. Asiyefika nafasi yake apewa mwingine."

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, tuko Nairobi. Treni ya Mombasa huondoka jioni!

Matroni akaja. Alikuwa mama mkali lakini wa haki, na simu ofisini mwake aliijua kuitumia. Akaichukua bahasha, akaisogeza kwenye mwanga. "Hii imepigwa muhuri Mombasa Ijumaa ya kabla ya Krismasi. Siku kumi! Imefika lini hapa?"

Wote wakanitazama mimi.

Ndugu zangu, wakati ule bado palikuwa na njia. Ningesema, "Mama, niliificha," ningefukuzwa, ningetukanwa, lakini Saumu angepona. Nilijua hivyo hata nilipokuwa nafungua kinywa.

"Imefika leo, Mama," nikasema.

Msichana mmoja wa meza ya Waluhya akasema, "Lakini huyu ndiye aliyekuwa na ufunguo wiki nzima, na barua za wengine zilifika."

Nikadhani nimekwisha. Kumbe Saumu ndiye aliyemgeukia yule msichana, macho yamejaa machozi. "Mwache! Huyu ni ndugu yangu. Hawezi kunifanyia hivyo."

Matroni alipiga simu. Tulimsikia akibembeleza, akisema posta imechelewa. Aliporudi, alikaa kwanza. "Wanasema wenzake wote waliitwa siku moja na wamefika, hata mmoja wa kutoka hapa Nairobi. Ingekuwa kosa ni letu, ningewaambia ni letu, nao walikuwa tayari kumngoja mpaka kesho. Lakini habari ya posta wamechoka kuisikia."

Ingekuwa kosa ni letu! Aliyasema maneno hayo akinitazama, au labda dhamiri yangu ndiyo iliyoniona. Nikajifanya nakusanya vikombe.

Saumu alipanda treni jioni ile hata hivyo. Nilimbebea sanduku mpaka stesheni. Akanishika mkono kupitia dirishani, akanisihi nisikae peke yangu mezani. Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho kwangu. Nafasi haikupatikana. Kabla ya Januari kwisha alikuwa mke wa mtu.

Ameniandikia barua tano. Katika ya kwanza alisema mumewe si mtu mbaya, ila hazungumzi. Katika nyingine alisema jirani zake wakijifungua yeye huenda kushika beseni la maji moto, amtazame mkunga akifanya kazi, kisha arudi nyumbani akapike. Na kila barua haikosi neno moja: kwamba watu wa posta hatawasamehe maisha.

Sijajibu hata moja! Nitaandika nini? Nikikaa na kalamu, naandika "Shoga yangu mpenzi", basi, mkono unakataa. Barua ya tano ilikuwa fupi. Aliniuliza amenikosea nini. Baada ya hapo haikuja nyingine. Kwa hiyo niliyefanya uovu wote huu nisiachwe, nimeachwa, na kitanda cha pili chumbani kimepewa msichana asiyenisemesha.

Ewe dada unayeingia hosteli leo, nisikilize mimi. Upweke si aibu. Ukikubana, useme! Mwambie matroni, mwambie mwenzako, lia mezani wakucheke. Kilichoniangamiza si upweke, ni kuuficha. Ningemwambia tu, "Saumu, naiogopa Krismasi," angenicheka kidogo, kisha angenipeleka Majengo kwa shangazi yake, anikabidhi, ndipo apande treni. Nilimjua. Angefanya hivyo bila kufikiri mara mbili. Kitu cha mwenzako usikishike hata siku moja, maana siku moja ndiyo inayotosha kumwangusha, na wewe hujui ni ipi.

Gazeti hili najua linauzwa Mombasa. Jina lako nimelibadili, langu nimelificha, lakini mengine nimeyaacha yalivyo ili uyatambue. Hukunikosea kitu, shoga yangu. Na posta haikuchelewa hata kidogo. Barua yako ilifika siku saba kabla, na niliyeichelewesha ni mimi.