Paka wa Mashine ya Kukoboa

Juzi nilikuwa natoka Mikumi kwenda Kilosa, paka mweusi akakatiza barabara. Dereva akaegesha pembeni, akazima gari, akasubiri mwingine apite kwanza. Nikamuuliza imani hiyo imetoka wapi.

"Tumeikuta, mama," akasema.

Mimi niliishia darasa la saba, kwingine sijui ilikoanzia. Ila mtaani kwetu Kilosa nadhani niliiona ikizaliwa, kama kumbukumbu hainidanganyi.

Nikiwa mtoto, mashine ya kijiji ilikuwa ikisaga dona tu, unga wa mahindi yasiyokobolewa. Ilipokufa tukarudi kwenye kinu. Asubuhi mtaa mzima ulidunda, bibi yangu akipepeta na kuwamwagia kuku pumba palepale miguuni pake. Kisha watu binafsi wakaruhusiwa kufanya biashara. Madukani ikaonekana sabuni ya kunukia, sokoni mitumba, na jirani yetu mmoja, mjane asiye na shamba, akaleta mashine ya kukoboa na kusaga. Yeye na wanawe walikula kwa mashine ile, hawakuwa na kingine. Nasi tukaonja sembe. Ugali ukawa mweupe, laini, hata mlenda ukaonekana mgeni pembeni yake.

Mahindi yakaleta panya, panya wakaleta paka. Alikuwa mweusi tii. Alilala juu ya mifuko, vumbi la unga likimwangukia, na ikifika saa sita amekuwa na mvi kama mzee. Sisi watoto tulicheka. Wakubwa walikuwa wanatazama kingine: debe la mahindi linakwenda limejaa, unga unarudi haufiki ukingoni.

Siku moja nilimsindikiza bibi kusaga.

"Shikamoo, mama," mwenye mashine akamwamkia.

"Marahaba. Unga wangu mwingine uko wapi?"

"Ndio huo wote, mama. Ukikoboa zinatoka pumba. Zile pale kwenye kona."

"Pumba nimezijua kabla hujazaliwa. Pumba gani zinakula unga hivi?"

Mwanamke mmoja kwenye foleni akamnyooshea paka mdomo. "Muulizeni huyo. Asubuhi kaja mweusi, jioni anaondoka mweupe. Unga wa nani ule?"

Watu wakacheka, na mwenye mashine akacheka pia. Nadhani ulikuwa utani kweli. Lakini ulipofika kisimani haukuwa utani tena: paka anatumwa, ni chuma ulete, uchawi wa kuvuta mali ya wengine, anabeba unga wa watu mgongoni.

Niseme haki. Mwenye mashine zile pumba alikuwa akiwauzia wafugaji, wala hakutuambia kwamba tungeweza kwenda nazo nyumbani. Sisi nasi hatukuuliza. Bibi hakuwa na roho mbaya; kwenye kinu pumba zake alikuwa akiziona.

Wakamwambia mjane amtupe paka yaishe. "Nikimtupa nitakuwa nimekubali," akajibu. "Na panya nitawafukuza na nini?" Foleni ikapungua. Wengine wakaanza kuvuka reli kwenda mashine nyingine, ambayo nayo ilikoboa vilevile na kupunguza vilevile, lakini paka hakuwepo. Mashine yetu ikanyamaza. Mjane akaiuza, akapanda treni na wanawe. Paka hakuonekana siku ya safari, akabaki.

Panya wakahamia kwetu. Bibi akawa anamwekea paka vichwa vya dagaa nyuma ya jiko. Ila akimkatizia njia, bibi anasimama, anatema mate, anasubiri mtu mwingine apite. Nikamuuliza kwa nini.

"Paka mweusi ndivyo alivyo. Tangu zamani."

Labda. Labda wazee wa Mamboya huko milimani walikuwa na imani hiyo siku zote, mimi ndiye sikuisikia. Lakini huwa najiuliza: angekuwa paka mweupe, nani angeuona unga mgongoni mwake?

Pale kwenye mashine limebaki zege lililobeba injini, watu wanaanikia nguo. Bibi hayupo, kinu chake sijui kiliishia wapi. Sembe siku hizi inakuja kwenye mfuko wenye chapa, pumba zake hatuzioni wala hatuziulizi.

Lori likatupita.

"Haya, sasa ni salama," dereva akasema, akawasha gari. Paka alikuwa bado ukingoni, anajilamba vumbi la barabara mgongoni.